Mnaohamia Texas kwa sababu "hakuna kodi", njooni tupige hesabu

MbebaBoksi_Mkongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila ikifika mwezi wa nne, watu wakishajaza ritani za kodi na kuona makato yao ya mwaka mzima, magrupu ya Wabongo huku Marekani yanajaa wimbo uleule: "Nahama, naenda Texas, kule hakuna kodi." Wengine wanataja Florida, siku hizi Tennessee nayo imeingia kwenye chati. Sina ugomvi na Texas. Naishi pembezoni mwa Houston na sina mpango wa kuondoka. Ila hiyo "hakuna kodi" ni chai, na kuna watu wameuza makochi kwa bei ya kutupa na kuwahamisha watoto shule katikati ya mwaka kwa kuifuata chai hiyo.

Kwa walioko nyumbani, tuwekane sawa kidogo. Marekani hakuna VAT. Serikali ya shirikisho inakata kodi ya mapato kwa ngazi kuanzia asilimia 10 hadi 37, na juu yake asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee. Hizo hazijali uko Boston au Dallas. Kinachobadilika ni cha chini yake: jimbo, kaunti, jiji, mpaka wilaya ya shule. Kila mmoja ana mamlaka yake na kila mmoja anataka chake.

Majimbo tisa hayagusi mshahara: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Alaska na New Hampshire zimo kote kuwili. Msishangilie. Alaska ina mafuta, na hata hivyo mji kama Juneau unatoza asilimia 5 yake kwenye manunuzi. New Hampshire inaegemea kodi ya majengo, na mwenye nyumba kule atakwambia mwenyewe.

Jimbo lina gharama zake: walimu, polisi na barabara. Kama halina mafuta wala watalii wa kulibeba, litaingiza mkono kwenye mshahara wako, au kwenye manunuzi yako, au kwenye nyumba yako. Likiacha sehemu moja, litazidisha nyingine. Mfano mzuri ni Louisiana: tarehe 1 Januari 2025 walishusha kodi ya mapato ikawa asilimia 3 kwa kila mtu, na siku hiyohiyo kodi ya mauzo ya jimbo ikapanda kutoka 4.45 hadi 5. Ongeza za miji na parokia (kule kaunti wanaziita parokia), unafika kaunta unakuta asilimia 10.

Sasa Texas yenyewe. Mwaka 2019 wapiga kura waliweka kwenye katiba kwamba jimbo lisitoze kodi ya mapato ya mtu binafsi. Hilo ni kweli na nalifurahia kila siku ya mshahara. Kodi ya mauzo ni 6.25 ya jimbo, na miji inaruhusiwa kuongeza hadi 2. Houston, Dallas, San Antonio, Austin, zote ziko 8.25. Na bei unayoiona kwenye rafu haina kodi ndani, inaongezwa kwenye rejesta. Mgeni anashika dola kumi kamili mkononi kwa kitu cha dola kumi, halafu anaanza kujipapasa mifukoni.

Ila si kila kitu. Ukiingia duka la Waafrika pale kusini magharibi mwa Houston, ukachukua unga wa ugali, mchele, maharage na samaki wa barafu, risiti inatoka bila kodi, maana chakula kisichopikwa kimesamehewa. Ongeza soda na pipi za watoto, hizo zinakatwa. Ongeza sambusa za moto pale kaunta, nazo zinakatwa, kwa sababu ni chakula kilicho tayari kuliwa. Nenda Tennessee na kapu lilelile: unga nao unakatwa. Kiwango cha jimbo kwa chakula ni 4 badala ya 7, lakini ya eneo inaongezwa juu yake, kwa hiyo Memphis unga unaulipia 6.75 na sabuni 9.75. Wote wawili wanaitwa "majimbo yasiyo na kodi".

Kinachowaumiza watu hasa Texas ni nyumba. Nyumba ya dola 300,000 kuletewa bili ya dola 4,500 hadi 6,000 kwa mwaka si ajabu, hata baada ya nafuu kubwa ya kodi ya shule wanayopewa wanaoishi kwenye nyumba zao. Na ukinunua kwenye mitaa mipya huko Katy au Fulshear utakutana na mdudu anaitwa MUD, wilaya ya maji na mitaro, ana kiwango chake peke yake kwenye bili. Dalali hakwambii. Anakuonyesha jiko na gereji ya magari mawili.

"Mimi napanga, hainihusu." Inakuhusu. Mwenye nyumba analipa bili hiyo kwa pango lako.

Halafu watu wanatishana na California. Asilimia 13.3! Ndiyo, ipo, lakini ni ya mwenye mapato yanayozidi dola milioni moja. Mtu asiye na mke wala mtoto, mshahara dola 40,000, kwa viwango vya mwaka 2024 kodi yake ya mapato ya jimbo la California ilikuwa dola mia sita na ushee, ukiacha makato ya bima ya ulemavu ambayo ni kitu kingine. Haifiki asilimia 2. California inamkimbiza mtu huyo kwa pango, si kwa kodi ya mapato. Anayenufaika hasa kuhamia Texas ni daktari, mtu wa programu, mwenye kampuni. CNA (msaidizi wa wauguzi) wa zamu za usiku anaokoa hizo mia sita na anaweza kuzirudisha zote kwenye mafuta ya gari, maana Houston bila gari huendi popote.

Kwa hiyo kabla hujakodi lori la kuhamia, andika: mshahara wako, unaishi wapi, unafanya kazi wapi, unapanga au unanunua. Lete hapa tupige hesabu.

---

SitiYaMbele

Naweka kambi hapa. Mimi niko Kinondoni ila nasoma tu nijue mnavyokamuliwa.

---

BintiMakorora

Mzee MbebaBoksi umenena, ila umesahau mpaka mtamu kuliko yote: mto Columbia. Niko Vancouver, Washington. Si ile ya Kanada jamani, msinitumie salamu za theluji.

Ng'ambo ya mto ni Portland, Oregon. Upande wangu mshahara haukatwi na jimbo, lakini dukani ni karibu asilimia 9. Upande wao dukani hakuna hata senti, lakini mshahara unakatwa hasa: ngazi zinaanza 4.75, na ukipita kama dola elfu kumi na moja tu kwa mwaka tayari uko kwenye 8.75. Ya juu kabisa ni 9.9. Yaani mfagizi na meneja wako karibu ngazi moja.

Sasa watu wakifika huku wanapiga hesabu ya werevu: nitalala Vancouver, nitafanya kazi Portland, nitanunua Portland, nimekwepa zote mbili. Hapana! Ukifanya kazi Oregon, Oregon inakukata kwenye kila dola uliyoipatia kule, hata kama unalala Washington. Unajaza ritani ya asiye mkazi. Na kwa kuwa Washington haina kodi ya mshahara, hakuna mahali pa kuombea nafuu. Nina shoga yangu yuko kwenye nyumba ya wazee upande wa Portland, kila mwaka analia. Mimi nilitafuta kazi hukuhuku Vancouver, mshahara mdogo kwa dola moja kwa saa, na mkononi nabaki na zaidi yake.

Kununua ndiko tunakovuka. Ukishamaliza daraja la barabara kuu ya I-5 tu, maduka ya Jantzen Beach hayo hapo, na sehemu ya maegesho Jumamosi utadhani uko Washington, namba za magari zote za kwetu. Simu ya dola elfu moja, unaacha dola 90 hivi mfukoni. Kisheria mkazi wa Washington anadaiwa kodi ya matumizi kwa kitu alichonunua nje bila kodi akakileta nyumbani. Nani anaipeleka kwa ajili ya simu, nisiseme. Lakini gari usijidanganye. Ukienda kulisajili wanakukata palepale, maana kodi ya gari inafuata unakosajili.

Na watu wa Oregon wakija kununua kwetu? Zamani walionyesha kitambulisho kaunta wanasamehewa. Tangu Julai 2019 wanalipa kama sisi, halafu wanatunza risiti na kuomba marejesho ya sehemu ya jimbo mara moja kwa mwaka. Wengi wanaona uvivu.

---

Mchokozi wa Mbagala

Kwa hiyo mnavuka mto kwenda kununua simu kama sisi tulivyokuwa tunavuka kwenda Zanzibar kununua redio 😂😂

---

KadaMtiifu

Umekumbusha jambo mkuu. Sisi nako hatuko sare kama watu wanavyodhani. VAT Bara ni asilimia 18, Zanzibar ni 15, kwa sababu kodi ya mapato ni jambo la Muungano na VAT si la Muungano. TRA ya Bara na ZRA ya Zanzibar, kila mamlaka ya mapato na sheria yake ya VAT. Ila ndani ya Bara ukitoka Mwanza ukaenda Mtwara hakuna kinachobadilika kwenye mshahara wala risiti. Hayo ya kila jiji kujiwekea asilimia yake siyaelewi. Jiji linawezaje kumkata mtu mshahara?

---

Columbus614

@KadaMtiifu linaweza, na mimi ni shahidi. Ohio ndiyo nyumbani kwa mambo hayo. Jiji la Columbus linakata asilimia 2.5 ya mshahara wa kila anayefanya kazi ndani ya mipaka yake, hata kama analala nje. Na kule unakolala, kama ni mji wenye kodi yake, nao unaweza kukudai. Miji mingine inakupa nafuu kwa ulichokwisha kulipa Columbus, mingine inakupa nusunusu, mingine haina habari na wewe. Ghala ninalofanyia kazi liko ndani ya jiji, ghala jirani ng'ambo ya barabara liko nje. Kazi ileile, mshahara uleule, watu wa ng'ambo wanabaki na zaidi. Siku hizi nikiomba kazi naangalia ramani kabla ya kuangalia mshahara.

Philadelphia nako vilevile, jiji linakata karibu 3.75 juu ya ile 3.07 ya jimbo la Pennsylvania. Kwa mshahara wa 48,000, kodi ya jimbo ni kama dola 1,470, ya jiji ni 1,800. Jiji linakata kuliko jimbo!

---

Dereva_Mkesha

Wakuu mimi ni dereva wa lori, nakaa Minneapolis na familia, kampuni yangu iko Indiana, na kwa wiki napita majimbo mpaka nasahau. Kuna jamaa kwenye kituo cha mafuta aliniambia nikifungua sanduku la posta Texas na kubadilisha anwani, Minnesota haiwezi kunigusa tena. Wengine wanasema nadaiwa kila jimbo ninalopita. Ukweli ni upi? Naomba jibu la mtu anayejua, si la kijiweni.

---

MhasibuMtaani

Kaka Dereva, nafanya kazi za kodi huku, nakujibu.

La pili kwanza. Hudaiwi na kila jimbo unalopita. Kuna sheria ya shirikisho inayosema dereva wa kampuni ya usafirishaji ambaye kazi yake ya kawaida ni kwenye majimbo mawili au zaidi, mshahara wake unatozwa kodi ya mapato na jimbo analoishi tu. Kwa hiyo Indiana kuwa ndiko ilikosajiliwa kampuni hakuipi haki ya mshahara wako. Tazama W-2 yako, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka. Kama wamekata Indiana, waambie wasahihishe, usisubiri mwezi wa nne.

Sanduku la posta sasa. Huo ni mchongo wa kukuingiza mjini. Minnesota haiulizi barua zako zinafika wapi. Inauliza mke wako analala wapi, watoto wanasoma wapi, leseni yako ya udereva ni ya jimbo gani, gari la nyumbani limesajiliwa wapi, unapiga kura wapi, daktari wako ni nani. Familia yako iko Minneapolis, wewe ni mkazi wa Minnesota hata ukikesha barabarani wiki sita. Wakikugundua wanakuja na kodi ya miaka ya nyuma, faini na riba juu. Ukitaka kuwa Mtexas, hamia Texas kweli: familia, leseni, mkataba wa nyumba, kila kitu.

Ukinunua lori lako mwenyewe siku moja, hapo ndipo hesabu za majimbo zitakuja, lakini kwa mafuta. Utakuwa unajaza IFTA, ritani ya kodi ya mafuta ya malori, kila robo mwaka, kodi ya mafuta inagawanywa kwa maili ulizotembea kila jimbo, haijalishi ulijazia wapi. Na Oregon ina yake ya uzito na maili. Tunza rekodi tangu siku ya kwanza.

---

Dereva_Mkesha

Ubarikiwe sana mkuu. Nimetazama W-2, kweli kuna mstari wa Indiana. Jumatatu nawapigia.

---

MamaSilverSpring

Kwa wa upande wetu: Maryland, Virginia na DC zina makubaliano. Ukiishi Silver Spring ukafanya kazi Virginia au DC, unalipa Maryland tu, mradi mwajiri umpe fomu ya kumwambia asikate ya kwao. Wengi hawaijazi, wanakatwa kusikohusika halafu wanahangaika na marejesho. Na msisahau kaunti. Maryland wengi wetu tunaangukia 4.75 ya jimbo, lakini Montgomery inaongeza 3.2. Jumla karibu 8. Anayekwambia Maryland ni "asilimia nne na kitu" hajafika kwenye bili.

Nguo na viatu tunavuka kwenda Delaware, Christiana Mall, hakuna kodi ya mauzo. Ila mkiongeza mafuta, tozo ya barabara kuu ya I-95 na chakula cha watoto njiani, mimi huenda mara moja tu kwa mwaka, kabla ya shule kufunguliwa.

---

Mchumi_Asiyeajiriwa

Naongeza la kisiasa kidogo. Kansas walijaribu mwaka 2012, gavana Sam Brownback alikata kodi ya mapato kwa nguvu akiahidi uchumi utapaa. Fedha zikapungua, mwaka 2015 wakapandisha kodi ya mauzo hadi 6.5, na wakati huo ilikuwa inakata hata mkate na maziwa. Mwaka 2017 bunge la jimbo, lenye watu wa chama chake wengi, likafuta sehemu kubwa ya punguzo na kuipindua kura yake ya turufu. Chakula Kansas kimekuja kusamehewa kabisa na jimbo Januari 2025. Aliyepata nafuu 2012 na aliyelipia mkate si mtu mmoja.

Ndiyo maana taasisi ya utafiti wa kodi ya ITEP ilipopanga majimbo mwaka 2024 kwa jinsi yanavyowabana wa kipato cha chini kuliko matajiri, Florida ilishika namba moja na Washington namba mbili. Zote mbili "hazina kodi".

---

MbebaBoksi_Mkongwe

@Mchumi hapo kwenye Washington dada Makorora atakuja na rungu 😄 Ila ni kweli, na wenyewe tangu 2022 wanatoza kodi inayoanzia asilimia 7 kwenye faida kubwa za kuuza hisa, ili na wakubwa waguswe.

---

BintiMakorora

Rungu la nini mzee, mimi hisa naziona kwenye televisheni tu.

---

VitengeNaBatiki

Samahani naingilia. Mimi nauza vitenge na vikoi mtandaoni kutoka nyumbani kwangu Dallas, natuma majimbo mbalimbali. Mteja wa New York namkata kodi ya wapi? Au kwa kuwa sina duka kule simkati?

---

MhasibuMtaani

Dada Vitenge, mpaka 2018 jibu lilikuwa hilo la pili: huna duka, ghala wala mfanyakazi kule, hukusanyi. Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, kura 5 kwa 4, kwamba jimbo linaweza kumdai muuzaji wa mbali. Na si bahati mbaya kwamba aliyefungua njia ni South Dakota. Hawana kodi ya mapato, wanaishi kwa kodi ya mauzo, na kila aliyehamia kununua mtandaoni alikuwa anawatoboa mfuko.

Kwako wewe: wateja wa Texas unawatoza na kupeleka Texas, ukiwa na kibali cha jimbo. Majimbo mengine yana kiwango cha kuanzia. South Dakota ni mauzo ya dola 100,000 kwa mwaka, na mengi yalifuata kiasi hicho. Kabla hujafika hapo hulazimiki. Na kama unauza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko lenyewe ndilo linalokata na kupeleka, usikate mara ya pili.

Kidokezo cha biashara: New York nguo ya chini ya dola 110 imesamehewa kodi ya jimbo na ya jiji la New York. Pennsylvania, New Jersey na Minnesota nguo za kawaida hazina kodi. Huko kitenge ulichoshona gauni na kitenge cha kitambaa kitupu vinaweza visihesabiwe sawa, kwa hiyo andika vizuri unachouza.

---

MgeniMpya_ATX

Nimesoma uzi wote. Mimi tayari nimehama, nilitoka Minnesota mwezi wa saba nikaja Austin. Niko kwa hasara au nafuu? Na ritani ninajaza vipi?

---

MhasibuMtaani

Minnesota utajaza ritani ya mkazi wa sehemu ya mwaka, kwa mshahara wa Januari hadi ulipoondoka. Texas hakuna cha kujaza. Ya shirikisho ni moja kama kawaida. Tazama W-2 kwenye visanduku vya 15 mpaka 17: mwajiri wa zamani aandike MN na kiasi cha huko. Kama kampuni ni ileile na umeendelea nayo ukiwa Austin, hakikisha waliacha kukata MN tangu ulipohama. Tunza mkataba wa nyumba ya Austin, risiti ya kuhamisha mizigo na tarehe ya leseni mpya ya Texas, wakiuliza ulihama lini unaweka mezani.

Nafuu au hasara, niambie mshahara na pango la kule na la hapa.

---

MgeniMpya_ATX

Mshahara 61,000 kote kuwili. Pango kule 1,250, hapa 1,600.

---

MbebaBoksi_Mkongwe

350 kwa mwezi, mara 12 ni 4,200. Kodi ya Minnesota kwa mshahara huo haifiki hapo, mdogo wangu. Mkataba ukiisha angalia miji ya pembeni mwa Austin, Pflugerville au Round Rock.